Sonata ya Gita ya Antonio José: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa na sonata hii mikononi kwa miaka kadhaa sasa, sehemu nikiipiga, sehemu nikipigana nayo. Kila nikiipeleka mbele ya watu, wawe wanafunzi, majirani au wenzangu wa kwaya, maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Pale ninapotoa maoni badala ya habari, utaona mwenyewe.

Ni sonata ipi hasa?

Ni Sonata ya gita peke yake iliyotungwa na Antonio José mwaka 1933, mjini Burgos, kaskazini mwa Hispania. Ina sehemu nne: Allegro moderato, Minueto, Pavana triste na Final. Kuipiga yote huchukua kama dakika 20 na ushei, kutegemea mpigaji ana haraka gani. Mtunzi aliiandika kwa ajili ya mpiga gita Regino Sainz de la Maza, naye pia mtoto wa Burgos. Huenda umeshamsikia Regino bila kujua: ndiye aliyepiga gita siku *Concierto de Aranjuez* ya Joaquín Rodrigo iliposikika kwa mara ya kwanza, Barcelona, Novemba 1940.

Antonio José nani? Jina la ukoo liko wapi?

Swali hili linatoka kwa walioandika jina hilo mtandaoni wakaletewa wacheza mpira. Jina kamili ni Antonio José Martínez Palacios. Alizaliwa Burgos tarehe 12 Desemba 1902, na tangu ujana alijitambulisha kwa majina mawili ya mwanzo tu. Kwa hiyo ukitafuta, ongeza neno "Burgos" au "sonata" utampata.

Kwa ufupi: alianza kusoma muziki nyumbani, akapata ufadhili wa kwenda Madrid, akafundisha muziki Málaga katika shule ya Wajesuiti, kisha mwaka 1929 akarudi Burgos kuongoza kwaya ya mji, Orfeón Burgalés. Kati ya mazoezi ya kwaya na kuzunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima na wachungaji ndipo alipotunga. Mkusanyo wake wa nyimbo za jadi za mkoa wa Burgos ulimpatia Tuzo ya Taifa ya Muziki mwaka 1932. Mwaka uliofuata akaandika sonata. Alikuwa na miaka 30.

Sonata ni nini? Nieleze kama mtu asiyesoma noti.

Umewahi kusikia ngonjera? Pande mbili zinajibizana kwa beti, kila upande na hoja yake, zinachuana, na mwishoni upande mmoja unakubaliana na mwenzake. Sehemu ya kwanza ya sonata iko hivyohivyo. Mtunzi analeta wazo la kwanza katika ki fulani (ki ni noti ambayo muziki unaihesabu kuwa nyumbani), kisha wazo la pili lenye tabia nyingine na ki nyingine. Baada ya hapo anayachanganya, anayavunjavunja, anayapeleka mbali na nyumbani. Mwisho yote mawili yanarudi, lakini safari hii wazo la pili limehamia kwenye ki ya lile la kwanza. Wamepatana.

Sehemu zinazofuata hazifungwi na utaratibu huo. Desturi ni kuweka ngoma nyepesi, kitu cha polepole, na kitu cha kasi cha kufungia. Antonio José alifuata desturi, ila chaguo lake la ngoma lina maana, nitalifikia.

Mbona haifanani na gita la Kihispania nililozoea?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake ndilo jibu la sonata yenyewe.

Gita la Kihispania ulilozoea ni la Andalusia, kusini. Chukua gita lolote lililo karibu nawe, upige kordi nne kwa mfuatano: A maina, G, F, halafu E meja, ukae hapo kwenye E kama vile umefika. Umeshasikia? Hiyo ndiyo Hispania ya mabango ya watalii: viatu vya kugonga sakafu, maua kwenye nywele, fahali. Ni muziki mtamu, siudharau. Ila kwa karibu miaka mia dunia imekuwa ikiichukua Andalusia na kuiita Hispania nzima, sawa na mtu anayesikia chakacha ya Mombasa akadhani ameshaisikia Afrika Mashariki yote.

Burgos iko Kastilia, juu ya uwanda ulio mita 850 hivi kutoka usawa wa bahari. Baridi yake inajulikana. Wenyeji wana msemo kwamba hali ya hewa yao ni miezi tisa ya majira ya baridi na miezi mitatu ya jehanamu. Nyimbo zao za jadi hazina vilio virefu vya flamenko. Ni fupi, kavu kidogo, nyingi zimejengwa juu ya ngazi za noti za zamani za kanisani, na zinaimbwa na watu wasiopenda kuonyesha machozi hadharani. Antonio José alizijua nyimbo hizo kwa mamia, maana alizifuata vijijini mwenyewe.

Halafu kuna Paris. Alipokuwa kijana alikwenda huko wakati wa likizo za kiangazi, na muziki wa watunzi wa Kifaransa Debussy na Ravel ukamwingia kwenye damu. Sasa shika tena gita lako. Uzi wa tano, freti ya pili (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gita). Uzi wa kwanza, freti ya pili. Mingine yote iache wazi. Piga polepole kuanzia juu kwenye besi. Hiyo ni E maina iliyoongezewa noti ya saba na ya tisa. Haina hasira, hailii, haina haraka ya kwenda popote. Inaning'inia tu kama ukungu wa asubuhi. Sisemi kordi hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye ukurasa wa kwanza, lakini ni ukoo mmoja na zile utakazozikuta. Weka juu yake mwimbo mfupi wenye ladha ya kijijini Kastilia, na utakuwa umeukaribia ulimwengu wa sonata hii.

Kwa hiyo mtu akiniambia "haifanani na ya Kihispania," mimi humjibu kwamba ni ya Kihispania kabisa, ila imetoka mlango wa nyuma wa nyumba, ule ambao watalii hawaupiti.

Sehemu nne zikoje moja moja?

*Allegro moderato* inaanza bila utangulizi. Hakuna kordi za kuita watu, hakuna kishindo. Mlango unafunguka na mazungumzo tayari yanaendelea ndani. Ni ya mwendo wa wastani lakini haitulii: kila ukidhani umefika nyumbani, hamonia inateleza kidogo na unajikuta chumba cha jirani. Kazi kubwa ya mpigaji hapa ni kuutoa mwimbo juu ya noti nyingi zinazouzunguka. Kwenye bendi ya dansi kuna mtu wa besi, mtu wa ridhim na mtu wa solo. Hapa ni mtu mmoja mwenye nyuzi sita, na wote watatu lazima wasikike. Dole gumba ndilo linalobeba besi, kidole cha pete mara nyingi ndicho kinachoimba, na vilivyo katikati vinajaza. Kidole cha kati kikijisahau kikapiga kwa nguvu sawa na cha pete, mwimbo unazama, na msikilizaji anabaki na noti nyingi zisizosema kitu. Nimeuzamisha mara nyingi.

*Minueto* ni ngoma ya zamani ya majumba ya wafalme wa Ufaransa, mapigo matatu matatu. Usitegemee kuicheza. Ni kumbukumbu ya ngoma kuliko ngoma yenyewe, kama harufu ya udi kwenye nguo zilizotoka sandukuni. Harufu ya Ravel ni kali hapa. Yeye naye aliweka minueti katikati ya Sonatine yake ya piano. Wapigaji wengi huipita Minueto haraka ili wafike kwenye Pavana. Wanajipunja.

*Pavana triste*. Triste maana yake ya huzuni. Pavana ni ngoma ya maandamano, watu wawili wawili, hatua za polepole, ilipendwa sana Ulaya katika karne ya 16. Hispania yenyewe ina historia nayo ndefu: mwaka 1536 huko Valencia, Luis Milán alichapisha kitabu cha muziki wa vihuela, chombo cha nyuzi chenye umbo la kukaribia gita, na ndani yake mna pavana. Kwa hiyo Antonio José alipochagua ngoma hii alikuwa anafanya mambo mawili kwa mpigo: anamsalimia Ravel, aliyeandika pavana yake maarufu mwaka 1899, na papo hapo anarudi kwa mababu zake wa nyuzi. Ni sehemu yenye noti chache, na ndiyo inayoumbua. Kwenye kasi unaweza kuficha mambo. Hapa kila noti inasimama uchi, na ikikatika kabla ya wakati wake kila mtu ameisikia.

*Final* ndiyo sehemu pekee inayoanza kwa kishindo. Kordi zinacharazwa kwa rasgueado, yaani vidole vya mkono wa kulia vinafyatuliwa kwenda nje kimoja baada ya kingine, kucha zikipita juu ya nyuzi zote. Kwa mbali ni kama kordi moja. Kwa karibu, ukikaa hatua mbili kutoka kwa mpigaji, unasikia migongano minne midogo ya kucha, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia la bati. Mbinu hiyo ni ya wapiga gita wa mitaani na wa flamenko. Antonio José anaichukua, lakini kordi zenyewe si zile za kusini. Halafu, katikati ya mbio hizo, mawazo ya sehemu ya kwanza yanarudi. Ukiwa umesikiliza tangu mwanzo utashtuka kidogo, kama mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa ugenini.

Je, Pavana triste aliitunga akijua atakufa?

Hapana. Aliitunga mwaka 1933. Aliuawa Oktoba 1936.

Najua kwa nini swali linaulizwa. Ukishaijua hadithi yake, haiwezekani kusikia kichwa "pavana ya huzuni" bila kupiga hesabu hiyo kichwani. Hata maelezo ya tamasha na ya santuri huipenda hesabu hiyo: mtunzi kijana, risasi, ngoma ya huzuni, basi msikilizaji ameshatoa leso kabla noti ya kwanza haijapigwa. Mimi hili linanikera. Mwaka 1933 Antonio José alikuwa kijana wa miaka 30 mwenye tuzo mpya, kwaya iliyokuwa ikivuma, na rafiki mpiga gita hodari aliyetaka kazi kubwa. Hii si kazi ya mtu anayejiaga. Ni kazi ya mtu anayejaribu mabawa yake, anayeona gita linaweza kubeba sonata nzima ya sehemu nne na anataka kulithibitisha. Ukiipiga yote kama msiba, Minueto inapoteza tabasamu lake na Final inageuka kelele.

Huzuni ipo, ndiyo, na ipo kwenye sehemu moja kati ya nne. Iache ikae hapohapo ilipowekwa na mwenyewe.

Aliuawa kwa nini?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilianza Julai 1936. Burgos iliangukia mikononi mwa waasi wa kijeshi tangu siku za mwanzo, na mji huo ndio uliokuja kuwa makao yao makuu. Tarehe 1 Oktoba 1936 Jenerali Franco alitawazwa hapohapo kuwa mkuu wa nchi. Antonio José hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtu wa mawazo huria katika mji mdogo wa wahafidhina, anayejulikana, aliyefanikiwa mapema, na katika miezi ile hayo yalitosha. Agosti alikamatwa na kutiwa gerezani. Ndugu yake Julio, mwalimu, naye alikamatwa na akauawa.

Utaratibu wa gereza lile ulikuwa wa kutoa watu kwa makundi, usiku, bila kesi, na kuwapeleka msituni Estépar, kilomita kama 20 kutoka mjini. Huko walipigwa risasi na kufukiwa kwenye makaburi ya halaiki. Ndivyo ilivyokuwa kwake pia. Alibakiza miezi miwili tu atimize miaka 34. Wiki chache kabla, Agosti mwaka huohuo, huko kusini alikuwa ameuawa mshairi Federico García Lorca, naye rafiki wa Regino Sainz de la Maza.

Kama ni kazi kubwa hivyo, kwa nini ilikaa miaka yote hiyo bila kujulikana?

Sehemu ya kwanza ilisikika jukwaani wakati mtunzi akiwa hai, Regino akiipiga. Baada ya vita mambo yakanyamaza. Jina la mtu aliyepigwa risasi na wenye dola halikuwa jina la kulitangaza kwenye programu ya tamasha, na Regino mwenyewe alikuwa akiishi na kufanya kazi katika Hispania ya Franco. Wako wanaomlaumu kwa kimya hicho. Mimi si mmoja wao: ni rahisi kuwa jasiri katika nchi na wakati ambao si wako.

Franco alifariki mwaka 1975 na watu wa Burgos wakaanza polepole kumrudisha mtoto wao. Sonata ilipata kuchapishwa mwaka 1990 na nyumba ya uchapishaji ya Bèrben, Ancona, Italia, ikiwa imehaririwa na Angelo Gilardino na Juan José Sáenz Gallego. Toka mswada mpaka kitabu: miaka 57. Baada ya hapo haikuchukua muda. Mpiga gita Julian Bream wa Uingereza aliirekodi katika miaka ya 1990, na leo vijana wanaoshindana kwenye mashindano makubwa ya gita wanaipiga kila msimu.

Ni kweli Ravel alimtabiria makubwa?

Kuna kauli inayozunguka sana, inayonasibishwa na Ravel, kwamba kijana huyu angekuwa mtunzi mkuu wa Hispania wa karne yao. Inaandikwa kila mahali, na kila anayeiandika hunukuu mwingine. Sonata haihitaji barua ya mapendekezo.

Inatofautianaje na sonata ya Turina?

Swali zuri kwa mwenye masikio, maana zilitungwa karibu wakati mmoja. Joaquín Turina alizaliwa Sevilla mwaka 1882, na Sonata yake ya gita, opasi 61 (yaani kazi yake namba 61), ni ya mwaka 1930, aliyomwandikia mpiga gita Andrés Segovia. Ina sehemu tatu na ni fupi, kama nusu ya ile ya Antonio José. Inaanza polepole, kwa uzito, kama pazia linalovutwa, na tangu hapo uko Andalusia: zile kordi nne nilizokupa juu ziko nyumbani kwao. Watunzi wote wawili walionja Paris, na wote wawili hawakuwa wapiga gita. Lakini Turina anakuonyesha uwanja wa mji ukiwa na jua na watu. Antonio José yuko ndani, dirishani, anatazama nje.

Zipige siku moja, hii baada ya ile. Hakuna somo la jiografia ya Hispania litakaloishinda saa hiyo.

Mtu asiyepiga gita anawezaje kutunga kitu cha gita?

Kwa kuwa na rafiki anayelipiga. Miaka ya 1920 na 1930 ndiyo ilivyokuwa: Manuel de Falla, Turina, Moreno Torroba, wote waliandika kwa kuombwa na wapigaji kama Segovia na wenzake, ambao walichoka kupiga kazi za karne ya 19. Kabla yao, sonata kubwa za gita za Mhispania ambazo mtu angeweza kuzitaja haraka zilikuwa za Fernando Sor, aliyefariki mwaka 1839.

Faida yake ni kwamba mtunzi asiyejua vidole huwa hafuati njia za vidole. Mpiga gita akitunga, mkono humwongoza pale ulikozoea kwenda. Hasara yake unaijua ukifika kwenye ukurasa ambao mkono wa kushoto unatakiwa kutanuka freti tano huku besi ikiendelea kulia. Katika sehemu kadhaa, wapigaji hulazimika kuchagua: kuacha noti moja au kuikata nyingine mapema. Sikiliza rekodi mbili tofauti utawasikia wakichagua tofauti.

Naweza kuipiga kwa gita la nyuzi za chuma?

Unaweza kuchezea vipande, lakini hapana. Shingo ya gita la chuma ni nyembamba, nyuzi zimebanana, na vidole vinavyodonoa havipati nafasi. Isitoshe noti ya chuma inadumu mno. Kordi zenye noti nyingi kama hizi zinageuka uji. Tafuta gita la klasiki, lile la nyuzi za nailoni.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Antonio José hakuwahi kusikia sonata yake kwenye nailoni. Nyuzi za nailoni zilikuja katikati ya miaka ya 1940, Albert Augustine akizitengeneza New York na Segovia akizipigia debe. Mwaka 1933 nyuzi tatu nyembamba za gita zilikuwa za utumbo wa kondoo. Sauti yake ni kavu zaidi, ina mkwaruzo kidogo, na huzimika mapema. Mimi nikipiga Minueto hujikumbusha hilo na kupunguza mng'ao wa sauti.

Kama unakaa pwani, ongeza tatizo la unyevu. Mbao hunyonya maji, uso wa gita unavimba, na nyuzi zinainuka juu ya freti kiasi cha kukuumiza vidole kabla hujamaliza ukurasa. Gita likae ndani ya kasha lake, mbali na dirisha.

Niwe nimepiga gita kwa muda gani ndipo niijaribu?

Yote, kutoka mwanzo hadi mwisho: baada ya miaka mingi, na mwalimu awe karibu. Pavana peke yake unaweza kuigusa mapema zaidi, kwa kuwa kasi si tatizo. Ila nakuonya, vidole vitaiweza miezi kadhaa kabla ya masikio yako.

Udi wa taarabu na gita hili ni ndugu?

Ni binamu wa mbali. Waarabu waliingia na udi Hispania wakati wa utawala wao huko Andalusi, na jina la chombo hicho likabaki katika lugha za Ulaya. Neno "gita" nalo lilisafiri kutoka Kiyunani. Lakini gita lenye umbo la nane, freti na mgongo bapa lilikua kwa njia yake, likipitia ndugu kama vihuela. Mwenzangu mmoja mpiga udi alipoisikiliza Pavana alisema kitu kimoja tu: "Huyu kafungwa na freti." Alikuwa na maana kwamba vidole vyake yeye vingeteleza kati ya noti pale ambapo gita linapiga hatua. Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi. Nadhani ukavu huo ndio Antonio José alioutaka.

Kazi zake nyingine za gita ni zipi?

Mwenye kutafuta sonata ya pili ya gita atarudi mikono mitupu. Lakini zipo kazi nyingine zisizo za gita: *Sinfonía castellana* ya orkestra, *Suite ingenua* ya piano na vyombo vya nyuzi, nyimbo za kwaya, na opera iitwayo *El mozo de mulas*, iliyotokana na kisa kimoja ndani ya riwaya ya Don Quijote. Opera hiyo aliiacha haijapangwa yote kwa orkestra; Alejandro Yagüe, mtunzi wa mkoa huohuo wa Burgos, ndiye aliyeikamilisha. Anza na Suite ingenua.

Nipige makofi wapi?

Desturi ni kungoja mpaka Final iishe. Lakini kwenye sonata hii kuna mtego: Pavana inazimika taratibu, kimya kinatanda, na mpigaji akichelewa kuanza Final watu hawajui wafanye nini.

Mwaka juzi niliipiga sebuleni kwa watu, wageni kama kumi na wawili, viti vya plastiki, feni imezimwa ili isiingilie. Nilikuwa nimekosea nami: kabla ya kuanza niliwasimulia habari za gereza na za Estépar. Pavana ikaisha. Kimya. Mzee mmoja aliyekaa mbele, mkono umeshika tama, akainama na kuniambia polepole, "Pole sana, mwanangu." Nyuma kuna mtu akacheka, nami nikacheka, na rasgueado ya kwanza ya Final ikatoka ovyo kabisa, kidole kidogo kikiwa kimebaki hewani. Siku hizi habari za Estépar huwa nazisimulia baada ya chai.